Cheche Ikikatika Barabara ya Kabambare

Ugonjwa huu hauonekani asubuhi. Asubuhi pikipiki inawaka kwa kiki moja au mbili, inapakiwa gunia la mchele, madumu ya mawese na abiria juu yake, inatoka Kasongo kuelekea Kabambare, huku Maniema ya kusini, kana kwamba haina shida yoyote. Jua likipanda na injini ikishapata joto lake kamili, mambo yanabadilika. Inakohoa kwenye mlima, inavuta kidogo, inakohoa tena, kisha inazima. Dereva anapiga kiki mpaka shati linalowa jasho. Kimya. Anaisukuma hadi kivulini, anakaa. Baada ya nusu saa anajaribu tena, nayo inawaka vizuri tu. Kilomita chache mbele inazima kwa namna ile ile.

Hapo watu wengi hukimbilia kabureta. Petroli ya chupani inayouzwa kando ya barabara haina sifa nzuri, na mara nyingi kweli ina maji au takataka, kwa hiyo lawama huiangukia bila ubishi. Kabureta inafunguliwa, jeti inapulizwa kwa mdomo, inafungwa tena, na pikipiki inawaka. Dereva anafurahi, anamlipa fundi, anaondoka. Lakini kilichoiponya si kupuliza jeti. Ni ile nusu saa ambayo injini ilipata kupoa wakati kabureta iko mkononi. Kuna pikipiki ambazo kabureta zake zimefunguliwa mara nyingi hivyo mpaka skrubu zimeisha meno, na wakati wote huo mwizi wa cheche alikuwa upande mwingine kabisa.

Mwizi huyo kwa kawaida anakaa upande wa kushoto wa injini, nyuma ya kifuniko ambacho wenye pikipiki wengi hawajawahi kukiona kikifunguliwa. Humo mna statori. Ni duara la bati nyembamba za chuma zilizobanwa pamoja, lenye nguzo fupi, na kila nguzo imezungushiwa waya wa shaba uliopakwa vanishi. Statori yenyewe haizunguki. Kinachozunguka ni magneti, yaani lile bakuli zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya krenki, likiwa na sumaku zilizobandikwa ndani yake. Kila sumaku inapoipita nguzo, umeme unasukumwa ndani ya waya. Hakuna brashi wala kitu kinachosuguana na kingine, na ndiyo sababu statori nzuri inaweza kufanya kazi miaka mingi bila mtu kuikumbuka.

Siri hiyo ya sumaku na waya ilionyeshwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831. Mwaka uliofuata, Hippolyte Pixii alitengeneza Paris mashine ya kwanza ya aina hiyo, ya kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1897 karakana ya Robert Bosch ya Stuttgart ikafunga kifaa cha namna hiyo kwenye chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton, na tangu hapo injini ndogo iliweza kujizalishia cheche yake bila kutegemea betri. Kwa mtu wa mjini mwenye duka la betri mtaani, hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Maniema ya kusini ndilo linaloamua kama atafika au atalala njiani.

Ukiangalia pikipiki zinazohimili njia za huku, utaona sababu. Kwa miaka mingi misheni, vituo vya afya na mashirika ya misaada yametumia Yamaha AG100, pikipiki ya injini ya mipigo miwili iliyoundwa kwa ajili ya mashamba, pamoja na DT125 ya kampuni hiyo hiyo. Halafu kuna kizazi kikubwa cha Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo kupita kiasi na hufanyiwa matengenezo kwa nadra. Viwanda vya China viliunda injini nyingi kwa kuifuata ile, na mpaka leo fundi akifungua injini ya Kichina isiyo na jina la kueleweka mara nyingi anakuta mifupa ya CG ndani. Juu ya hizo zimekuja TVS na Boxer kutoka India. Nyingi kati ya pikipiki kuukuu za kundi hili zina CDI, kile kisanduku kidogo cha kutoa cheche, inayopata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye statori. Betri ikifa, zinaendelea kutembea. Statori ikifa, hata betri mpya haitasaidia.

Kuna aina nyingine, ambayo CDI yake inalishwa na betri, na dalili zake ni tofauti. Hiyo haikohoi kwa ghafla. Kwanza honi inapoteza sauti, taa inakuwa ya njano usiku, betri inayochajiwa kwa paneli ya jua nyumbani inaisha kabla ya safari kuisha, na mwisho cheche nayo inakatika. Fundi asiyeuliza hii ni ya aina gani anaweza kuhangaika siku nzima.

Ndani ya statori ya zamani mna kazi tatu, na kila kazi ina waya wake. Koili ya cheche imezungushwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu, ili itoe volti nyingi za kuilisha CDI. Koili za taa na za kuchaji zina waya mnene na mizunguko michache. Kisha kuna koili ndogo iliyokaa peke yake karibu na magneti, ambayo kazi yake ni kuiambia CDI wakati gani itoe cheche: kijinundu kilicho juu ya magneti kinapoipita, inatuma ishara. Ile ya kwanza, yenye unywele wa shaba, ndiyo inayokufa mapema. Vanishi yake inapikwa na joto mwaka hadi mwaka mpaka inapasuka. Mahali fulani ndani waya unakatika, lakini ncha mbili zinabaki zikigusana. Baridi zinagusana; moto chuma kinatanuka, zinaachana. Huo ndio ugonjwa wa kuzima mchana na kuwaka kivulini.

Joto si adui pekee. Mvua za huku zinajaza mabonde na kufunika madaraja ya miti, na pikipiki zinavushwa vijito huku maji yakifika kwenye injini. Gasketi ya kifuniko ikiwa imechanika, au ule mpira mdogo ambao nyaya zinapitia ukiwa umelegea, maji ya matope yanaingia na kukaa. Kuna pia taa za ziada. Dereva anayesafiri usiku anafunga taa mbili kubwa za LED, anaongeza tundu la kuchajia simu na redio ndogo, na vyote hivyo vinategemea koili ambazo zilihesabiwa kwa taa moja ya mbele na moja ya nyuma. Waya wa njano unapata moto, plagi ya nyaya inayeyuka, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kwamba ugonjwa ulianza siku ile taa zilipofungwa.

Statori ikifa, mpya husubiriwa kutoka mbali, na Kabambare ina historia ndefu ya kusubiri hivyo. Msafiri David Livingstone alifika hapo Septemba 1869, baadaye akaugua vidonda vya miguu, akakaa akisubiri watu na mizigo kutoka pwani mpaka Februari 1871 ndipo akaondoka kuelekea Nyangwe. Njia iliyomletea watu wale, kutoka Zanzibar hadi Ujiji, kuvuka Tanganyika, kisha kupanda na kushuka milima hadi Maniema, haijafa. Piesi nyingi za pikipiki zinazouzwa mashariki mwa Kongo bado zinashuka Dar es Salaam, zinapelekwa Kigoma, zinavuka ziwa hadi Kalemie au Uvira. Kutoka Uvira mzigo unafuata ziwa hadi Fizi, unapita Lulimba, unaingia Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, ndipo unafika Kabambare. Kasongo ina mlango mwingine, ule wa reli ya Katanga inayopita Kongolo na Samba hadi Kindu, lakini treni yake haiji kwa ratiba ya kutegemewa.

Kwa hali hiyo, kosa la kununua piesi isiyohusika huku si sawa na kosa hilo hilo Bukavu au Mwanza. Mjini mtu anairudisha dukani jioni. Huku ametuma pesa kwa mtu, amesubiri majuma, na sanduku likifunguliwa anakuta statori ya nguzo 8 wakati yake ni ya nguzo 11. Au anakuta ndiyo yenyewe, anaifunga, na pikipiki inazima pale pale kwa sababu iliyokuwa imekufa ni CDI. Hasara hiyo haibaki kwa dereva peke yake. Mwaka 1981 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, kazi ya mradi wa afya ulioshirikisha chuo cha tiba za kitropiki cha Antwerp, na jina la mji huu likajulikana kwa wasomi wa afya duniani. Chanjo hiyo hiyo leo inapokwenda kutoka ofisi ya afya ya eneo hadi kituo cha kijijini, mara nyingi inasafiri katika sanduku la barafu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Barafu haisubiri majuma.

Basi fundi anayestahili heshima huanza kwa kupima. Mteja anakuja na haraka yake, anataka kusikia jina la piesi ili atume pesa leo leo. «Papa, usinunue kwanza,» anaambiwa. «Tuipime ikiwa moto.» Maneno hayo mawili, ikiwa moto, ndiyo yenye uzito wote. Pikipiki inayokufa kwa joto haipimwi asubuhi ikiwa baridi. Inaendeshwa mpaka izime yenyewe, ndipo vipimo vinachukuliwa hapo hapo kabla haijapoa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo cha kupimia. Buji inatolewa, inachomekwa kwenye kofia yake, chuma chake kinagusishwa kwenye kichwa cha injini mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, na kiki inapigwa. Cheche ya buluu inayolia ina maana kwamba umeme upo na lawama irudi kwenye mafuta. Cheche nyekundu, dhaifu, au kutokuwepo cheche kabisa, kunaipeleka kazi upande wa umeme. Buji nzima ya akiba inajaribiwa kwanza, maana ni rahisi na mara nyingine inamaliza kesi.

Kipimo cha pili ni swichi. Katika pikipiki nyingi za ukoo wa Honda, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio unaozima injini kwa kupeleka umeme wa cheche kwenye bodi. Maji yakiingia kwenye swichi ya ufunguo, au waya huo ukichubuka chini ya tangi na kugusa chuma, injini inazimwa bila mtu kugusa kitu. Unachomolewa karibu na CDI, kiki inapigwa tena. Statori nyingi nzima zimetupwa kwa kosa la waya huu mmoja.

Cheche ikiwa bado haipo, fundi anafuata kifungu cha nyaya kinachotoka kwenye kifuniko cha kushoto, anapanda nacho hadi kwenye plagi yake chini ya kiti au chini ya tangi. Anaitazama kwa jicho kali. Kutu ya kijani kwenye pini, plastiki iliyoungua, waya uliosuguliwa na mnyororo mpaka shaba inang'aa: yote haya yanafanana na statori mbovu, na yote yanatengenezwa kwa sandpepa, kisu na risasi ya kulehemu. Baada ya hapo ndipo multimita inawekwa kwenye omu.

Rangi zinasaidia sana. Katika Honda na Wachina wanaoifuata, kijani ni bodi, mweusi wenye mstari mwekundu ni wa koili ya cheche, buluu yenye mstari mweupe au wa njano ni wa ile koili ndogo ya ishara, njano ni taa, mweupe ni chaji. Yamaha hutumia mweusi kuwa bodi, na Wahindi wana mpangilio wao, kwa hiyo kunakili rangi za pikipiki moja kwenda nyingine bila kufikiri ni hatari. Koili ya cheche kwa kawaida husoma kati ya omu 200 na 500 hivi. Ile ya ishara, kati ya 100 na 200. Zile za taa na chaji husoma kidogo mno, chini ya omu 2, karibu na sifuri. Tarakimu kamili hutofautiana kwa kila aina, lakini ugonjwa wenyewe haujifichi: koili ya cheche inayosoma 300 asubuhi na kisha kutosoma chochote ikiwa moto imekwisha kujieleza. Na inayosoma sifuri imeungua ndani.

Kabla ya hukumu ya mwisho, fundi mwenye busara anaazima CDI kutoka pikipiki nzima ya aina ile ile. Ni kisanduku kidogo, kinachomolewa kwa sekunde chache. Kwa pikipiki yenye kasoro ya kuchaji, kinachopimwa ni betri yenyewe injini ikiwa katika mwendo wa kati: volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Isipopanda kabisa, statori au rektifaya, ile inayorekebisha umeme wa kuchaji betri, ina shida. Ikipita 15, rektifaya ndiyo mbovu na betri itachemka. Asiye na multimita anaweza kuunganisha balbu ya volti 12 kati ya waya wa njano na bodi, kisha apige kiki. Balbu ikimulika, koili za taa zina uhai. Koili ya cheche isiguswe kwa mkono wakati huo. Inapiga shoti ya kumwangusha mtu.

Sasa kifuniko kinaweza kufunguliwa.

Pikipiki inalazwa upande wa kulia juu ya gunia, petroli ikiwa imefungwa, na kwa njia hiyo oili haimwagiki. Ikiwa oili ni ya zamani, ni bora kuimwaga kabisa. Pedali ya gia inatolewa, na kwa pikipiki nyingine kifuniko cha sproketi na egemeo la mguu pia. Boliti za kifuniko hazina urefu sawa. Fundi makini anachora umbo la kifuniko kwenye kipande cha katoni, anatoboa matundu, na kila boliti anaichomeka mahali pake. Boliti ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inapasua ukuta wa injini, na ukuta huo hauuzwi popote. Kifuniko kinagongwa taratibu kwa nyundo ya mpira au kipande cha mti. Bisibisi haipigiliwi katikati ya nyuso mbili, kwa sababu mkwaruzo mmoja utavujisha oili maisha yote. Kama statori imefungwa ndani ya kifuniko, sumaku itaking'ang'ania, na lazima kivutwe kwa nguvu kikiwa kimenyooka.

Hapa ndipo pikipiki zinaachana. Kwenye injini nyingi za kisasa zaidi, kifuniko kikitoka statori inatoka nacho, na skrubu tatu tu ndizo zinazoishikilia. Kwenye AG100, DT za zamani na injini nyingi ndogo, magneti iko nje na statori imejificha nyuma yake, kwa hiyo magneti lazima ing'olewe. Hiyo inahitaji pula yake maalumu inayofungwa kwenye nyuzi za katikati, na katika baadhi ya Yamaha nyuzi hizo ni za kushoto. Anayelazimisha pula ya kulia anazila nyuzi, na hapo kazi ya saa moja inakuwa ya siku tatu.

Nyundo ndiyo balaa kubwa kuliko zote. Pula haipo, fundi ana haraka, magneti inapigwa pembeni ili itoke. Wakati mwingine inatoka kweli. Lakini sumaku zimepasuka au zimeachia gundi, ncha ya krenki imevimba, na pikipiki itakayofungwa statori mpya itatoa cheche dhaifu kwa sababu sasa ni sumaku zilizochoka. Pula moja nzuri inaweza kuhudumia karakana zote za mtaa, na wako mafundi wanaochonga yao kwa boliti kubwa na bati nene. Fedha inayowekwa hapo haipotei.

Magneti ikitoka, kuna kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachokaa kwenye mfereji wa krenki: kii. Kinapotea kwa urahisi kwenye mchanga, na kikiwa kimekatika nusu, magneti inahama kidogo na cheche inakuja wakati usio wake. Hata pikipiki yenye statori nzima inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya kipande hicho. Kisha, kabla ya kulegeza skrubu yoyote ya bamba la statori, inachorwa alama kwa ncha ya msumari, nusu kwenye bamba na nusu kwenye injini, maana pikipiki za zamani hurekebishwa wakati wa cheche kwa kulizungusha bamba hilo. Skrubu zenyewe zimeshikwa na joto la miaka. Zinapashwa moto kidogo, bisibisi yenye ukubwa sahihi inakandamizwa na kugongwa kichwani, ndipo inazungushwa. Yenye ukubwa usiofaa itakata vichwa vyake.

Statori ikiwa mkononi, inazungumza. Koili nzima ina rangi ya dhahabu au ya asali. Iliyoungua ni nyeusi, na ina harufu kali isiyosahaulika. Mikwaruzo inayong'aa kwenye vichwa vya nguzo ni habari mbaya zaidi, kwa sababu ina maana magneti imekuwa ikiigusa. Beringi ya kushoto ya krenki imelegea, na magneti inayumba. Fundi anashika krenki, anaitikisa juu chini. Ikicheza, statori mpya itakufa kama ile ya kwanza, na mteja lazima aambiwe hivyo kabla hajatoa pesa. Kwenye injini za mipigo miwili kuna la ziada: nyuma ya magneti iko sili ya oili ya krenki, na ikiwa imekauka inavuta hewa, injini inapata moto kupita kiasi. Kwa kuwa magneti imekwisha kutolewa, ni uvivu mtupu kuirudisha bila kuitazama sili hiyo.

Lakini je, kama statori mpya haipatikani? Kuna mafundi wa kuzungusha koili upya. Ndugu zao ni wale wanaotengeneza jenereta na feni, na waya wao hutoka kwenye transfoma na mota zilizokufa. Kwa koili za taa na chaji, kazi hii inawezekana kabisa karakanani: waya wa zamani unafunguliwa huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa kwa kila nguzo, unene unalinganishwa, na mpya unazungushwa ukiwa umebanwa. Jambo moja linaharibu kazi za wengi. Katika statori ya kawaida ya aina hii, nguzo moja inazungushwa kwenda kulia na inayofuata kwenda kushoto, kwa zamu, kwa sababu sumaku nazo zinabadilishana kaskazini na kusini. Zote zikizungushwa upande mmoja, umeme wa nguzo moja unaufuta wa jirani yake, na statori iliyozungushwa vizuri kwa macho haitoi hata volti za kuwasha balbu ndogo.

Koili ya cheche ni kazi nyingine. Waya wake ni mwembamba mno, unakatika ukivutwa kidogo tu, na mizunguko yake haihesabiki kwa jicho. Wapo wanaoiweza kwa kutumia drili ya mkono kama mashine ya kuzungushia. Gundi ya kawaida haifai kuifunikia, kwa kuwa inalainika kwenye oili ya moto. Inayofaa ni ile ya kuchanganya mbili, aina ya Araldite, ikiachwa ikauke vizuri. Njia nyepesi zaidi, na inayostahili kujaribiwa mapema, ni kutafuta statori mbili mbovu za aina moja. Moja imekufa koili ya cheche, nyingine koili za taa. Kwenye zile za kizamani ambazo kila koili imefungwa kwa skrubu zake, zinaunganishwa na kuwa moja nzima. Kwa hiyo statori iliyokufa haitupwi porini wala haipewi watoto wachezee. Inaning'inizwa ukutani mwa karakana.

Kurudisha kunaenda haraka kuliko kutoa. Nguzo za statori mpya zinalinganishwa na za zamani kwa idadi, kimo na matundu. Skrubu zinatiwa tone la gundi ya nyuzi, au rangi ya kucha kama hiyo haipo. Nyaya zinapitishwa kwenye njia yao ya asili, mbali na mnyororo, na ule mpira wa kuzuia maji unakaa kikamilifu kwenye mfereji wake. Ndani ya magneti panapanguswa kwa kitambaa, kwa sababu sumaku hukusanya vumbi la chuma na hata skrubu iliyodondoka bila mtu kujua. Magneti inazungushwa kwa mkono mzunguko mzima ili kusikiliza kama kuna kinachogusa. Kimya kikiwepo, kifuniko kinafungwa kwa gasketi mpya au iliyokatwa kutoka karatasi ya gasketi, boliti zikikazwa kwa mshazari, kidogo kidogo. Kisha pikipiki inaendeshwa mpaka ipate joto kali, pamoja na mzigo ikiwezekana, na plagi ya nyaya inaguswa kwa kidole. Ikiwa inaunguza, mkondo bado hauko sawa na taa za ziada lazima zipunguzwe.

Mwenye pikipiki anayetuma mtu Uvira, Kalemie, Bukavu au Kindu kununua statori, na ampe ile iliyokufa aende nayo mkononi. Asipoweza, apige picha zake mbele na nyuma, ahesabu nguzo, apime upana kwa rula, aandike rangi ya kila waya na idadi ya pini za plagi, na aseme wazi kama injini yake ni ya mipigo miwili au minne. Aandike pia namba ya injini. Na kabla ya hayo yote, aombe apimiwe pikipiki yake ikiwa bado moto, mbele ya macho yake mwenyewe.